Punje ya Kahawa Tumboni mwa Didas

Temeke, Dar es Salaam
4 Machi 1946

Kwa Shangazi Kokuberwa, Kamachumu, Bukoba

Shikamoo Shangazi, na shikamoo nyingine inatoka kwa Apolonia, ambaye mimba yake imekuwa kubwa hata ufagio ukianguka ananiita mimi niuokote. Sisi hatujambo. Masika yameanza, njia ya kutoka hapa Temeke mpaka hospitali ni tope tupu, nami huenda kazini viatu vikiwa mkononi. Mama mwenye nyumba wetu, Bi Mwanabaraka, Mzaramo wa hapa hapa, anakusalimu ingawa hamjaonana.

Kahawa zako za kutafuna zimefika! Harufu ni ile ile ya kwetu. Nimezificha juu ya kabati, maana Apolonia akiziona nitabaki na kitambaa kitupu.

Sasa Shangazi, kaa vizuri, na umwambie Mwalimu Elinaza asikusomee haraka haraka, maana nina jambo la ajabu.

Siku hizi mimi ni dresa, mfunga vidonda, katika wodi ya askari waliorudi kutoka Burma. Hawana vidonda vya kufunga. Ni wale ambao vita vimewakaa kichwani. Mmoja anaitwa Didas, na kitandani pake pameandikwa Mnyamwezi wa Tabora. Ukimwuliza habari za vita kwa Kiswahili anasimama wima, mikono ubavuni, anakueleza: tulivuka mto, tukapigwa, wenzetu wakafa, tukaendelea, ndiyo effendi. Uso hauchezi hata kidogo. Lakini beseni likianguka jikoni utamkuta chini ya kitanda anatetemeka. Chakula hali, anasema tumbo. Tumempa dawa ya minyoo, tumempa chumvi ya kuharisha, tumbo liko pale pale na mtu anakwisha.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa barazani nikatoa kahawa zako mfukoni. Didas akapita. Akasimama. Halafu akainama, akakinga mikono miwili pamoja, vile tunavyokinga sisi mbele ya mwenye nyumba! Shangazi, Mnyamwezi gani anapokea kahawa namna ile? Nikamwambia kwa lugha ya kwetu, "Karibu, kaka, upumzike." Alikaa chini sakafuni, akaitikia salamu yangu yote mpaka mwisho, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtu aliyezaliwa na mama. Kumbe ni Mhaya wa Kiziba! Alijiandikisha jeshini huko Tabora kwa kabila la watu ili kwao wasije wakamfuata kumtoa.

Kahawa hakuitia mdomoni. Aliishika tu, akalia mpaka shati likalowa. Daktari wetu, Mwingereza mmoja mwembamba, alikuwa mlangoni akitutazama. Akaniambia, "Gozbert, kesho kaa naye tena." Nimekaa naye! Nitakuandikia yote.

Mtoto wa kaka yako,
Gozbert

*

Kamachumu, Bukoba
26 Machi 1946

Mwanangu Gozbert,

Marahaba, na Apolonia mwambie asiinamie ufagio wala chungu, mume anaye. Huku tuko wazima. Migomba ya upande wa chini imeangushwa na upepo, na mbuzi yule mkorofi kazaa mapacha wakorofi kama yeye. Baba yako mguu umepoa, sasa anatembea kwenda kunywa pombe ya rubisi, lakini kurudi bado unamuuma.

Mwalimu Elinaza ndiye anayeandika, kama kawaida. Yeye ni Mpare, Kihaya hakijui, kwa hiyo naongea naye Kiswahili changu nilichokipata Mwanza mume wangu alipokuwa mpishi wa Wazungu. Anacheka ninavyosema, lakini nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Habari ya huyo Didas imenifurahisha sana. Niliisikiliza mara mbili. Mpe kahawa nyingine, nitatuma zaidi.

Sasa na mimi nina langu. Unajua Gregori wangu alikwenda Tabora kutafuta kazi ya reli. Msafiri mmoja aliniletea habari kwamba ameingia jeshini, na tangu hapo kimya. Jeshi halijaniletea hata kipande cha karatasi. Huyo mtu wako katoka Tabora, na Burma alifika. Muulize kama alimwona mwanangu. Burma itakuwa kubwa, lakini Wahaya waliojiandikishia Tabora hawawezi kuwa wengi namna hiyo.

Usisahau kuuliza.

Shangazi yako,
Kokuberwa

*

Temeke, Dar es Salaam
18 Aprili 1946

Shangazi mpenzi,

Shikamoo! Apolonia amejifungua! Msichana, na jina lake ni Kokuberwa, na analia kwa sauti ambayo Bi Mwanabaraka anasema, "Huyu mtoto kama ni mwadhini tungeshampa msikiti." Mama yake ni mzima. Mimi silali, lakini nani ananijali?

Ya hospitali, Shangazi, nashindwa kungoja. Kila siku alasiri nakaa na Didas barazani na tunaongea kwa kwetu. Mwanzoni tulikosea, na kosa lilikuwa langu na la Daktari pamoja. Daktari alikaa nasi, na kila Didas aliposema neno mimi nikaligeuza papo hapo kwa Kiswahili ili Daktari aelewe. Unajua nini kilitokea? Didas alikuwa anasimulia, jasho linamtoka, sauti inapanda na kushuka, na mara aliposikia Kiswahili changu akanyooka mgongo, mikono ubavuni, uso ukafungwa, na habari ikarudi kuwa ile ile ya kuhutubia gwaride. Tulirudia siku nyingine, ikawa vile vile. Didas mwenyewe akaniambia, "Kiswahili ndicho walichotuamrishia. Nikikisikia, natii tu."

Nikamweleza Daktari. Alivuta kiko chake, akasema basi yeye ataondoka, atakaa ofisini, na nisigeuze chochote mpaka Didas amalize kwa siku hiyo. Tena akanikataza kumsukuma kwa maswali. Nimfuate anakokwenda, akisimama nisimame. Na inafanya kazi! Sasa Didas akianza anasimulia kama mtu aliyeko pale pale, analia, anapiga sakafu, halafu analala usingizi mzuri. Jana beseni liliangushwa makusudi na mpishi mmoja mjinga, na Didas aliruka lakini hakuingia chini ya kitanda. Nilitaka kupiga vigelegele mwanamume mzima!

Na tumbo! Kwa Kiswahili alikuwa anasema tumbo linauma, basi. Kwa kwetu ameniambia jambo lenyewe. Alichanjana udugu na mwenzake, walichanja ngozi karibu na kitovu, damu wakaipaka kwenye punje za kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake, kama wazee wanavyofanya. Na sasa ile punje inamvimba tumboni kwa sababu hakutimiza ahadi. Nilimweleza Daktari nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Ahadi gani?" Bado sijajua.

Lazima nijue upesi, maana mwezi wa Julai litakaa baraza la madaktari. Wale wasiopona watapelekwa bara, hospitali ya vichaa, na huko sijaona mtu akirudi. Swali lako nimelishika, Shangazi. Nikiona nafasi nitalipenyeza.

Gozbert wako asiyelala

*

Kamachumu, Bukoba
10 Mei 1946

Mwanangu,

Kokuberwa mdogo! Nimecheza hapa mbele ya Mwalimu Elinaza mpaka akainama akijifanya anatafuta kalamu. Natuma kitenge kwa mkono wa mke wa karani anayekuja huko. Asipokifikisha, niandikie jina lake.

Huku mvua ni nzuri. Baba yako amefurahi kuwa babu tena, amefurahi siku nzima na kesho yake hakuamka mpaka saa sita mchana.

Kuhusu huyo mgonjwa wako, wala usithubutu kumwambia punje ni upuuzi kwa vile wewe umesoma. Aliyemeza damu ya mwenzake ana kazi ya kufanya, na ile punje haitulii mpaka kazi imefanyika. Dawa ya minyoo mpe mbuzi. Wewe tafuta alimwahidi nini huyo ndugu yake, na deni hilo alilipe kwa nani. Kama ni mimi ningeanza kwa kumuuliza jina la ndugu huyo, na kwao ni wapi.

Na Gregori? Hukunijibu, umesema utapenyeza. Penyeza, mwanangu. Kila meli ikipiga honi Bukoba watu hunitazama mimi.

Shangazi yako,
Kokuberwa

*

Temeke, Dar es Salaam
8 Juni 1946

Shangazi,

Shikamoo. Kitenge kimefika, Apolonia anashukuru. Mvua zimekatika, usiku kuna baridi kidogo. Mtoto anakua. Sukari haipatikani madukani ila kwa foleni.

Didas hajambo kiasi.

Wasalimie wote.

Gozbert

*

Kamachumu, Bukoba
29 Juni 1946

Gozbert,

Huku ni wazima wote. Salamu za nyumbani zinatosha hapo.

Mwalimu Elinaza alipofungua barua yako alidhani karatasi nyingine imedondoka njiani. Akaitikisa bahasha. Mimi nikamwambia aache kuitikisa. Mwanangu, nimekujua tangu unatambaa. Wewe ukiumwa jino unaandika kurasa mbili. Hukuwahi kuniandikia barua fupi, na hii haiulizi hata hali ya baba yako.

Nilikuambia umuulize mgonjwa jina la ndugu yake wa damu. Nadhani ulimuuliza.

Sasa nisikilize. Usiniandikie. Sitaki neno hilo lipitie kalamu yako kwa Kiswahili, halafu lipitie mdomo wa Mwalimu Elinaza, mtu mwema asiye na kosa, anisomee hapa kwenye benchi la shule huku watoto wanaimba jedwali. Kama alimwahidi ndugu yake kwamba atalifikisha neno kwa mama, basi alilete kwa miguu yake na alisemee mbele yangu, kwa kwetu.

Huko kwa vichaa haendi. Mwambie huyo Daktari wako kwamba Didas ana mwenyewe. Mwambie mama yake yuko Kamachumu, na asipoletwa nitapanda meli na gari moshi nije nimchukue, na nitakapofika nitaongea Kiswahili chote ninachokijua.

Kokuberwa

*

Temeke, Dar es Salaam
22 Julai 1946

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Wote wazima, mtoto anacheka sasa, na baba yangu anaendeleaje na mguu? Naona unaniona.

Umesema nisiandike, siandiki. Nitasema hili tu. Ilikuwa alasiri, Didas anacheka kwa mara ya kwanza, ananisimulia vile ndugu yake alivyokuwa akimchekesha safarini kwa habari za mama yake, mama aliyekaa Mwanza, ambaye akikasirika huwatukana mbuzi kwa Kiswahili ili majirani wasielewe. Nilimwomba ruhusa, nikaenda kwenye bomba, nikanawa uso kwa muda mrefu. Baada ya hapo nilishindwa kukuandikia. Kila nikishika kalamu naandika habari za sukari.

Nilimweleza Didas mimi ni nani kwako. Alipiga magoti mbele yangu, mbele ya mdogo wake! Akasema, "Basi nipeleke kwake kabla sijapasuka."

Nikaenda kwa Daktari nikamsomea barua yako, hata pale pa Kiswahili chote unachokijua. Alicheka, halafu akakunja uso akasema baraza lina watu watatu na yeye ni mmoja tu.

Sasa sikia lilivyokuwa! Wamekaa nyuma ya meza, Didas kaingia. Mkubwa wao akamuuliza kwa Kiswahili, "Unajisikiaje?" Didas akanyooka. "Mzima effendi." "Unataka nini?" "Hakuna effendi." Nilimwona yule mkubwa akichukua kalamu, na nilijua kalamu ile inaandika safari ya bara. Hapo Daktari wetu akasema, "Naomba aulizwe kwa lugha ya kwao, na naomba dresa asitafsiri mpaka mtu amalize." Wakatazamana. Wakakubali, nadhani kwa udadisi.

Nikamuuliza, "Kaka, ukitoka hapa utakwenda wapi?"

Shangazi, mabega yalishuka! Akaongea. Aliongea juu ya mto, na ahadi, na mama anayemngoja, na gari moshi mpaka Mwanza na meli mpaka Bukoba, na kwamba anaogopa, anaogopa kukutazama machoni, lakini anaogopa zaidi kutokwenda. Alitokwa machozi akayafuta kwa kiganja, akaendelea. Wale Wazungu hawakuelewa hata neno moja, lakini walimwona. Yule mkubwa aliweka kalamu chini kabla sijaanza kutafsiri.

Ameruhusiwa! Ameruhusiwa, Shangazi! Mimi ndiye niliyetia saini kwamba ana ndugu wa kumpokea. Bi Mwanabaraka alipoona narudi mbio kama kuna moto alisema, "Mie nlijua huyu leo kapandishwa cheo," na nilipomweleza akamkaangia Didas vitumbua vya safari. Didas alikula kimoja. Kimoja si kitu, lakini alikula.

Anaondoka wiki ijayo. Mpokee. Ana kovu juu ya jicho la kushoto, na akishtuka usimshike kwa nyuma.

Gozbert

*

Kamachumu, Bukoba
2 Septemba 1946

Mwanangu Gozbert,

Marahaba zote zile ulizonidai. Baba yako anakusalimu, mguu umepona kwa sababu kulikuwa na msiba na watu wengi wa kukaa nao. Mbusu Kokuberwa mdogo.

Nilimpokea gatini mwenyewe. Nilimjua kabla sijaona kovu, maana alishuka akitafuta uso wa mwanamke. Nilimkaribisha kwa kwetu. Nyumbani nikampa maji, nikampa ndizi, hakugusa. Akasema, "Mama, kwanza niseme." Wazee wa ukoo walitaka wakusanyike wamsikilize wote. Nikakataa. Ahadi ilikuwa yangu. Tukaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, yeye na mimi.

Alinieleza yote, akaanzia Tabora. Gregori alipigwa risasi mtoni. Didas alimbeba mpaka ng'ambo, akamlaza kwenye majani. Amri ikatoka waende, naye akaenda, na Gregori alikuwa bado mzima, bado anamwita. Hiyo ndiyo punje, Gozbert. Alikwenda huku anaitwa.

Nilimpiga. Sitaki nikufiche. Nilimpiga kifuani kwa mikono yangu miwili, namuuliza kwa nini ulikwenda, kwa nini ulikwenda, naye hakujikinga, alikuwa anaitikia tu kila pigo. Nilipochoka nikamuuliza Gregori alikuwa anasema nini. Akaniambia, maneno yale yale, na sauti karibu na ile ile. Mwalimu Elinaza ameshika kalamu hapa anangoja nimtajie ni maneno gani. Nimemwambia aruke mstari. Utayasikia ukija.

Kwa Kiswahili nilikuwa nimeshajua, tangu barua yako ya sukari. Nilijua, nikaenda shamba, nikapika, macho makavu kabisa, nikadhani uzee umenikausha. Aliposema kwa kwetu ndipo nikafiwa. Nililia mpaka majirani wakaja mbio, na tukamlilia mwanangu kama inavyopasa, na Didas alikaa katikati yetu kama mtoto wa nyumba. Siku ya pili akaomba chakula. Alikula ndizi, akaongezwa, akaongezwa tena. Nilikaa namtazama anavyotafuna, sikuwa na haja ya kitu kingine.

Anakaa hapa. Kwao Kiziba tumepeleka habari, mama yake amekuja amemwona, amekubali tugawane. Bado anashtuka, meli ikipiga honi hukaa chini kwanza. Siku nyingine haongei. Nami siku nyingine siongei, tunanyamaza wote wawili, jioni tunakula.

Lakini mwambie Daktari wako hili. Juzi nilimkuta anapalilia kahawa vibaya, anakwaruza juu juu. Nikamgombeza. Gozbert, aliacha jembe, akanigeukia, akaniambia kama mimi ni fundi sana basi nije nipalilie mwenyewe, yeye amechoka kuamrishwa! Kwa sauti! Majirani wote walisikia! Mwanamume aliyekuwa hajui kusema hapana. Nilifungua mdomo nimtukane vile ninavyowatukana mbuzi, nikashindwa. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye majani, na yeye akaja akakaa pembeni yangu, bado amekasirika.

Mimi mama yenu,
Kokuberwa